Mpira umerefuka kama mlingoti? Ukate kichwa

Mpira wa ndani, Ficus elastica kwa jina la kitaalamu, ni mti mkubwa wa misitu ya Asia, ndugu wa mkuyu na mtini. Ukiwa chunguni hauachi asili yake: hukimbilia juu kwa shina moja na kusahau matawi. Kwa hiyo shina refu lenye majani machache kileleni si ugonjwa.

Sababu iko nchani. Ncha ile iliyofungwa ndani ya ala nyekundu (wengi hudhani ni ua linakuja) hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka shinani na kuyalaza macho yote ya chini. Jicho ni kile kichomozo kidogo kilicho kwapani mwa jani, na kila kifundo cha shina kina lake. Ncha ikiondolewa, macho mawili au matatu yaliyo karibu na mkato huamka na kuwa matawi.

Lakini tawi jipya linahitaji chakula, na chakula hutengenezwa kwa mwanga. Anayekata mpira uliosimama kwenye kona yenye kiza hupata kisiki kilichoduwaa, au tawi moja dhaifu linaloinamia dirishani. Kwanza usogeze mpaka usizidi mita moja kutoka kwenye dirisha lenye mwanga mwingi, uuache hapo wiki tatu au nne. Wenye majani ya mabaka meupe unataka mwanga zaidi. Halafu tazama pingili, yaani vipande vya shina kati ya kifundo na kifundo: za juu zikiwa fupi kuliko za zamani na jani jipya likifunguka, mmea uko tayari. Kama haujatoa jani kwa miezi miwili, mkasi usubiri. Penye majira ya baridi, kata majira ya kuchipua yanapoanza.

Mkasi uwe mkali, umepanguswa kwa spiriti. Chagua urefu kwa makini, maana matawi yataanzia hapo hapo chini ya mkato. Ukitaka kichaka kinachoanzia kiunoni, usikate usawa wa bega. Kata sentimita 1 juu ya kifundo na ubakize majani manne au matano. Utomvu mweupe utamwagika mara moja. Vaa glavu na utandike gazeti, kwa kuwa huwasha ngozi, hugandia nguo, na ni hatari zaidi kwa mwenye mzio wa mpira. Paka na mbwa wasiulambe. Bonyeza kidonda kwa kitambaa chenye maji mpaka ukome. Hakuna haja ya kupaka nta wala dawa.

Macho huvimba baada ya wiki mbili hadi sita. Katika kungoja huku ndipo mipira mingi huozeshwa: majani yamepungua, mmea unakunywa kidogo, lakini mwenyewe anaendelea kumwagilia kwa ratiba ileile. Mizizi huoza na majani ya chini huwa ya njano. Chomeka kidole sentimita 5. Udongo ukiwa bado na unyevu, weka kopo chini. Mbolea nayo ingoje matawi yafungue majani, kisha toa ya maji kwa nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi.

Mara nyingi huamka jicho moja tu, nalo hushika utawala na kuwa kichwa kipya. Usikate tamaa. Liache litoe majani matatu au manne, kisha litoe ncha kwa kucha. Njia nyingine ni kuchanja. Juu kidogo ya jicho unalolitaka, kama milimita 3 hivi, pitisha kisu kikali kikate gome mpaka kigusie sehemu ngumu ya ndani, kwa theluthi moja ya mzunguko wa shina, basi. Mkato huo huzuia auksini inayoshuka isilifikie jicho. Chanja mawili au matatu kwa pamoja kwa sababu si yote yatakayoitika, na usizungushe kisu shina zima. Njia hii hufaa hasa kwa shina lililo uchi, ila ujue kwamba jani lililokwisha kudondoka halirudi kwenye kovu lake. Kitakachotoka hapo ni tawi.

Kichwa ulichokata usikitupe. Binafsi naona hiki ndicho kinachojaza chungu upesi kuliko ujanja mwingine wowote. Bakiza majani mawili ya juu, yaviringishe na kuyafunga kwa uzi yasipoteze maji, suuza utomvu, kisha tumbukiza kifundo kimoja kwenye maji. Badilisha maji kila wiki. Panapo joto, mizizi hutoka ndani ya wiki tatu hadi sita. Ikifika sentimita 5, panda kipandikizi hicho ubavuni mwa mama yake. Jani peke yake lisilo na kipande cha shina litatoa mizizi, likae kijani hata mwaka, na lisitoe mche kamwe, kwani halina jicho.

Baada ya hapo geuza chungu robo mzunguko kila wiki, la sivyo matawi yote yataelemea upande mmoja. Ukiuhamishia chungu kingine, kilicho kikubwa kwa sentimita 3 hadi 5 kinatosha.