Drosera yako haitaki friji

Nimeulizwa tena, safari hii na ndugu wa Masasi: drosera yake (ule mmea unaonasa wadudu kwa umande wa kunata ulio kwenye nywele za majani) imegoma kuchanua, je, aiweke kwenye friji wiki ngapi? Itoe, ndugu yangu, urudishe samaki.

Habari kwamba mmea huu lazima ulale kwenye baridi ni ya kweli kwa Drosera rotundifolia na wenzake wa Ulaya, ambao majira ya baridi hujikunyata wakawa kitumba na kulala. Hao Mtwara hawadumu, iwe na friji au bila friji. Lakini picha mnazonitumia karibu zote ni Drosera capensis ya Afrika Kusini, ambayo hailazimiki kulala. Na ile Drosera indica inayoota mchanga wa majimaji kwenye nchi za joto huchipua, huchanua, huzaa na kufa ndani ya msimu mmoja. Nani aliipeleka friji? Mikorosho yetu je?

Kinachokosekana ni mwanga. Mnaniambia "ipo nje", kumbe ipo barazani chini ya bati, nyuma ya pipa. Macho yetu huzoea kivuli hicho tukakiona kweupe, mmea hauzoei. Tazama jani: likiwa refu, limelegea, nywele kijani na umande haba, mwanga hautoshi. Nywele zikiiva wekundu na kumetameta, umepatia. (Ile aina ya capensis yenye maua meupe haiwi nyekundu hata uianike juani, msinitumie picha yake.) Isogeze polepole hadi ipate jua la asubuhi mpaka saa nne au saa tano. Ukiitoa ghafla kwenye jua kali, itaungua.

Maji ni ya mvua, mbolea hapana. Vumbi la makumbi unalopandia lisuuze sana, hasa kama makumbi yalifukiwa pwani, maana chumvi inaua.

Kwangu maua huzidi Julai na Agosti. Mawingu hupungua wakati huo, ila usiku nao hupoa kidogo, na siwezi kuapa kwamba ubaridi huo hauchangii hata chembe. Naegemea mwanga, kwa kuwa chungu cha kivulini hupoa vilevile na hakichanui.

Bua la maua likitoka limejikunja kama mkia wa kinyonga, si ugonjwa, usilikate. Maua hufunguka moja moja, asubuhi ya jua, na alasiri huwa yamefumba. Kwa hiyo wewe unayerudi kazini saa kumi na mbili jioni ukasema "halijachanua", angalia kesho yake saa nne.