Mgonjwa wa moyo afanye mazoezi makali kiasi gani?

Juzi mzee mmoja wa Umoja, Nairobi, alipanda ngazi za kliniki yetu, akanionyesha saa yake ya mkononi. Mapigo 98 kwa dakika. "Daktari, saa inasema bado niko chini. Niongeze kasi?" Maneno hayo aliyatoa kwa mikupuo mitatu, jasho likimtiririka usoni. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, lakini jibu nilikuwa nalo: hapana. Mzee anameza carvedilol, dawa ya moyo, asubuhi na jioni, na dawa za aina hiyo huzuia moyo usidunde haraka. Ile hesabu ya kukadiria mapigo ya juu kabisa, 220 ukitoa umri, haimfai hata kidogo.

Swali lake naulizwa kila wiki: nitembee tu, au nijikaze mpaka nihemee? Mwaka 2007, Ulrik Wisløff na wenzake wa Trondheim, Norwei, waliwafuatilia wagonjwa 27 ambao moyo wao umedhoofika. Kundi moja lilifanya vipindi vinne vya dakika nne nne, kwa asilimia 90 hadi 95 ya mapigo yao ya juu kabisa. Lingine lilitembea mfululizo kwa asilimia 70 hivi. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 46 kwa wale wa mazoezi makali, na 14 kwa wenzao. Pengo kubwa mno!

Kisha mwaka 2017 yakatoka matokeo ya SMARTEX, utafiti mkubwa zaidi wa kulinganisha mazoezi hayo, wagonjwa 261 kutoka vituo tisa vya Ulaya, na pengo lile halikuonekana. Kilichonigusa zaidi kilikuwa kwenye rekodi za mapigo: nusu hivi ya waliopangiwa mazoezi makali walifanya chini ya kiwango, na asilimia 80 ya waliopangiwa ya wastani walikivuka. Nao walikuwa wakisimamiwa. Je, anayetembea peke yake kandokando ya Jogoo Road?

Basi kabla ya kasi, nafundisha pumzi. Nilimwambia mzee atembee varandani akinitajia steji za kutoka kwao hadi mjini. Ukizitaja zote huku pumzi imepanda lakini haikatiki, hapo ni wastani. Ukiweza kuimba, bado ni jepesi. Ukikatika katikati ya neno, tayari ni kali.

Mazoezi makali ya vipindi siyakatai. Nampa aliyepimwa moyo akiwa kwenye mashine ya kukimbilia, hali yake imetulia, na ameshatembea wiki kadhaa bila shida. Mwenye vali ya moyo iliyobana sana, au anayeumwa kifua hata akiwa amekaa, simpi kabisa.

Mzee alisema "Donholm", akafika "Ham—" pumzi ikakata. Nikamwomba saa aitie mfukoni, turudie polepole. Mara ya tatu alipita Hamza, City Stadium, akafika Muthurwa. Mwendo huo ndio niliomwandikia: dakika 30, siku tano kwa wiki, mbali na dakika kumi za kupasha mwili.