Nyimbo Tisa Zilizovishwa Kanzu

Wiki iliyopita DJ mmoja anayepiga kwenye harusi aliniletea flashi ya taarabu, nyimbo zaidi ya mia nne, zote FLAC, yaani faili linalobana wimbo bila kupoteza sauti yoyote. "Fundi, hizi orijino kabisa," akaniambia. "Tazama uzito wake, kila moja megabaiti thelathini." Nilifungua kumi za mwanzo kwenye programu ya Spek. Tisa zilikuwa MP3, faili linalopunguza sauti ili liwe dogo, zilizovishwa kanzu.

Spek ni ya bure, na kazi yake ni moja tu: kukuchorea masafa ya wimbo mzima, yaani sauti nene hadi nyembamba, kwenye picha. Muda unakwenda kulia, masafa yanapanda juu, rangi inakuonyesha nguvu ya sauti. CD huchukua sampuli 44,100 kila sekunde, kwa hiyo inaweza kubeba masafa mpaka nusu ya hapo, hezi 22,050. Wimbo uliotolewa kwenye CD nzuri unauona ukipanda huko na kufifia polepole, kama moshi. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haina nafasi ya kubeba yote hayo, basi kwa kawaida hufyeka kila kitu kilicho juu ya kilohezi 16 hivi, na picha inabaki na ukingo ulionyooka kama juu ya ukuta. MP3 ya 320 ukuta wake uko karibu na 20.

Sasa mtu akichukua ile ya 128 akaigeuza FLAC, faili linanenepa lakini kilichofyekwa hakirudi. Chai iliyozidi maji haikolei kwa kuhamishiwa birika kubwa. Ndiyo maana uzito wa faili haunishughulishi. Wimbo wa dakika tano katika 128 ni megabaiti 4.8, katika 320 ni 12, na WAV ya CD, ambayo haijabanwa kabisa, inakaribia 53, ila hesabu hiyo inakwambia ukubwa wa birika tu.

Wimbo wa kumi ndio ulionipendeza. Muziki wenyewe uliishia kilohezi 12, chini kuliko zile tisa, na mtu mwenye haraka angeutupa wa kwanza. Lakini haukuwa na ukuta. Ulikuwa na mteremko, na juu ya mteremko ile "shhh" ya kaseti ikiendelea hafifu mpaka mwisho wa picha. MP3 ya 128 isingeibakiza ile shhh. Halafu nikaona uzi mwembamba, umenyooka tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, kwenye hezi 15,625.

"Huu umeurekodi mwenyewe?"

"Ndiyo, fundi. Kutoka kaseti ya shangazi."

"Na televisheni ya chogo ilikuwa imewashwa pembeni."

Akanitazama kama mganga. Hakuna uganga: televisheni zetu za zamani zilichora mistari 625 mara picha 25 kwa sekunde, zidisha utapata 15,625, na filimbi hiyo huingia kwenye nyaya za kurekodia bila hodi.

Picha lakini haitoshi. Masikio yangu, kwa umri huu, hayafiki hata kilohezi 14, kwa hiyo ukuta wa 16 wenyewe siusikii. Ninachokisikia ni uharibifu ulio chini yake. Sikiliza matoazi: kwenye MP3 mbovu hayalii "tsss", yanabubujika kama maji kwenye bomba. Sikiliza kayamba au kanuni, ala yoyote yenye pigo kali, kwa maana pigo huanza kutanguliwa na kivuli chake. Sikiliza pia mwangwi wa sauti ya mwimbaji unavyokufa mwisho wa beti, uone kama unafifia au unakatika. Besi usiihangaikie sana, hiyo huharibika mwisho.

Na usijihukumie mwenyewe huku ukiona jina la faili, utajidanganya. Mwambie mtu akupigie matoleo mawili bila kukwambia lipi ni lipi, mara kumi au zaidi, uandike majibu. Kwanza sawazisha sauti, maana lililo juu kidogo tu utaliona tamu zaidi. Tumia waya pia, kwa sababu Bluetooth nayo huubana wimbo upya njiani, ukawa unahukumu spika badala ya faili. Mimi nilijipima hivyo kwa AAC nzuri (ndugu ya MP3) ya kilobiti 256 dhidi ya CD yake. Nilipata sita kati ya kumi, yaani nilikuwa nabahatisha. Fundi mitambo wa miaka yote hii!

Kuna ubovu mwingine ambao Spek haitauonyesha vizuri: wimbo uliopandishwa sauti kupita kiasi studio. Fungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, utaona vilele vya mawimbi vimelingana kama michongoma iliyokatwa kwa panga. Hiyo hata ukipewa FLAC halali itakuumiza kichwa, na kwa nyimbo za miaka hii naiona kuwa kosa kubwa kuliko MP3 yenyewe.

DJ akaniuliza kama azifute. Nikamwambia hapana, ukumbini, kigelegele kikishaanza, hakuna atakayezijua. Azirudishe MP3 apate nafasi kwenye flashi, na yule aliyemuuzia kwa bei ya FLAC wakamalizane wenyewe. Mimi nimemwomba kaseti ya shangazi. Iko Tanga, ndani ya sanduku, na safari hii tutaihamisha televisheni ikiwa imezimwa.