Jamani, asali ya Tabora hailipi kodi ya kaboni

Juzi tena kuna mtu kanitumia voisi ndefu WhatsApp, ananunua asali Sikonge, anasema Ulaya wameanza kukata kodi ya kaboni kwa hiyo wafugaji nyuki wakubali bei ishuke. Kazi yangu ni makaratasi ya kusafirisha mizigo nje, hii hadithi nimeisikia mpaka basi.

Hiyo kodi inaitwa CBAM, ni tozo ya kaboni iliyotoka wakati wa kutengeneza bidhaa inayoingizwa Ulaya, na inagusa chuma, alumini, saruji, mbolea, haidrojeni na umeme. Asali haimo, tumbaku haimo, kahawa ya Kigoma nayo haimo, hiyo inabanwa na sheria nyingine kabisa ya ukataji misitu, ile inayotaka ramani ya shamba na ushahidi kwamba msitu haukufyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Na wewe wa mabati yanayovuka ziwa kwenda Kalemie, Kongo sio Ulaya, lala usingizi.

Hata ukiwa na chuma, cheki kwanza namba ya forodha. Bolti na skrubu (7318) zimo, misumari (7317) haimo. Profaili za alumini za madirisha zimo, sufuria za alumini hazimo. Mantiki yake msiniulize mimi.

Sasa kinachonichemsha. Nikieleza kwamba mlipaji ni mwagizaji aliyeko Ulaya, ananunua vyeti vya kulipia kaboni hiyo kwa bei inayofuata soko la kaboni la huko, yaani pale viwanda vyao vinaponunua vibali vya kutoa moshi, watu wanashangilia "kumbe sio sisi!" Subiri kwanza. Kweli bili haiji kwako, na mwagizaji asiyezidi tani 50 za bidhaa hizo kwa mwaka kasamehewa (umeme na haidrojeni hazina msamaha huo). Lakini mwagizaji mkubwa anayezidi hapo anakudai takwimu, kiwandani kwako tani moja ya chuma imetoa kaboni kiasi gani, tena na ya malighafi juu, yaani ukinunua bileti (vipande vya chuma ghafi) nje na wewe unazivuta tu kuwa nondo, moshi wa aliyeyeyusha unahesabiwa kwenye mzigo wako. Usipompa anatumia makadirio ya Tume ya Ulaya, ambayo yamepandishwa makusudi, halafu hasara anakuja kuikata kwenye bei yako. Hulipi, ila unalipa.

Na takwimu zenyewe sasa! Kiwanda kimoja nilifunguliwa kaunta buku, dizeli ya tanuru, ya foklifti na ya gari la bosi zote mstari mmoja.

Vitabu vinasema pima kila kitu. Mimi nina wasiwasi, maana takwimu zako lazima zipitiwe na mhakiki aliyeidhinishwa, na kwa kiwanda kinachopeleka kontena chache gharama yake inaweza kumeza faida, kuna wateja nimewaambia wakubali tu makadirio na sijui kama miaka mitano ijayo watanishukuru au watanitukana. Mizigo ya kuanzia Januari 2026 inahesabiwa tayari, vyeti vyake vitauzwa kuanzia Februari 2027, kwa hiyo kama bidhaa yako imo kweli, leo leo tenganisha hiyo dizeli ya bosi, ya mhakiki tutaongea inbox.