Upembuzi yakinifu wa biashara ndogo: tunachotafuta tunaposoma andiko lako

Malalamiko yanayofika kwenye dawati la tathmini ya mikopo ya biashara ndogo yameongezeka, na mengi yana sura moja. Mwombaji ameleta andiko la mradi, viambatisho vyote vimo, wadhamini wapo, lakini ombi limerudishwa kwa maelezo kwamba upembuzi haujitoshelezi. Anaona ameonewa. Wapo wanaoamini kwamba ofisa alishakuwa na mtu wake tangu mwanzo. Makala hii inaeleza tunachokitafuta katika sehemu hiyo ya andiko na kwa nini hatuwezi kuiruka. Ni elimu kwa umma tu. Haichukui nafasi ya masharti ya mkataba wala ya sheria za nchi anakoishi msomaji.

Kwanza, upembuzi yakinifu si mpango wa biashara. Mpango unaeleza utakavyoendesha biashara ambayo umeshaamua kuianzisha. Upembuzi hutangulia, na kazi yake ni kujibu kama jambo lenyewe linawezekana kwa fedha zilizopo, mahali palipochaguliwa, na kwa mtu atakayelisimamia. "Haiwezekani" ni jibu halali, tena ndilo linalookoa fedha nyingi zaidi kwa sababu linapatikana kabla hujalipa pango. Tatizo ni kwamba maandiko mengi yameandikwa ili kuturidhisha sisi. Yanachapwa steshenari kutoka kwenye nakala ya mtu mwingine, jina linabadilishwa, yanaletwa. Tumeshasoma andiko la saluni ambalo katikati yake lina aya nzima kuhusu chanjo za kuku. Ofisa akikutana na aya kama hiyo hana sababu ya kuamini namba zilizo kwenye kurasa nyingine.

Namba hizo ndizo tunazozisoma kwa muda mrefu kuliko kitu kingine, kwa hiyo nitazionyesha kwa mfano. Sitataja sarafu, weka unayoitumia.

Mwombaji anataka kufungua sehemu ya kufua nguo kwa mashine moja. Anatoza 10 kwa mkupuo, yaani mzigo mmoja wa nguo unaoingia kwenye mashine. Sabuni, maji, umeme na mifuko ya kufungia vinakula 4 katika kila mkupuo, kwa hiyo kinachobaki ni 6. Gharama za kila mwezi ambazo hazijali kama mteja amekuja au hakuja ni pango 600, mshahara wa msaidizi 500, na leseni, ulinzi na simu 100. Jumla 1,200. Ukigawa kwa 6 unapata mikupuo 200 kwa mwezi, na kwa siku 25 za kazi ni mikupuo 8 kwa siku. Hapo ndipo biashara inaporudisha gharama zake, bila faida wala hasara. Mwombaji anaandika kwamba atapata wateja 20 kwa siku na kwamba faida ni kubwa.

Sasa tunamuuliza anachokula yeye. Jibu la kawaida ni kwamba ataanza kwa kujinyima. Hatulikubali, kwa sababu mtu anayejinyima kwenye karatasi huchukua fedha kwenye droo ya mauzo, na fedha hiyo haiandikwi popote. Tunaweka 450 ya mwenye biashara. Tunaweka marejesho ya mkopo, 300 kwa mwezi. Tunaweka 150 ya matengenezo, kwa sababu mashine itaharibika na fundi hatakuja kwa mkopo. Jumla mpya ni 2,100. Gawa kwa 6: mikupuo 350 kwa mwezi, yaani 14 kwa siku.

Halafu tunauliza swali ambalo kwenye maandiko mengi halimo kabisa: mashine inaweza? Ukihesabu kupakia, kufua, kukamua na kutoa, mkupuo mmoja unachukua kama dakika 75. Kwa saa 10 za kazi hiyo ni mikupuo 8. Biashara inahitaji 14 na mashine ina uwezo wa 8. Hata wateja wakipanga foleni hadi barabarani, biashara hii itakula mtaji wake kila mwezi. Mahubiri ya kujituma hayatabadilisha hesabu hiyo.

Kinachoweza kubadilika ni masharti yenyewe. Akipandisha bei hadi 12, kinachobaki kwa kila mkupuo ni 8, na mikupuo inayohitajika inashuka hadi 263 kwa mwezi, karibu 11 kwa siku. Akifanya kazi saa 14 badala ya 10, mashine inatoa hiyo 11. Kwenye karatasi inapita, lakini kwa msaidizi mmoja anayefanya saa 14, bila umeme kukatika, na kila mkupuo ukiwa umejaa. Anayeleta hesabu ya namna hii na kuandika wazi hatari zake tunakaa naye. Pengine anahitaji mashine ya pili, pengine eneo lenye pango nafuu, pengine asiwe na msaidizi katika miezi ya mwanzo. Huo ni mjadala wa maana. Anayeandika "wateja 20" hajatupa cha kujadili.

Soko ndilo eneo la pili lenye matatizo, na hapa nitasema bila kuzunguka: kuuliza ndugu na marafiki kama watanunua si utafiti wa soko. Watakujibu ndiyo kwa sababu wanakupenda. Hata mgeni ukimwuliza "ungependa huduma hii?" atakubali, maana kukubali hakumgharimu chochote. Muulize alichofanya, si atakachofanya. Nguo zako zilifuliwa wapi wiki iliyopita? Ulilipa kiasi gani? Nini kilikuudhi? Jibu la "nilifua mwenyewe nyumbani" lina uzito mkubwa, kwa sababu linakuonyesha mshindani wako halisi. Ndiyo maana tunaposoma sentensi "hakuna mshindani katika eneo hili" tunaiwekea alama. Watu wa eneo hilo wana nguo na zinafuliwa. Ama wanazifua wenyewe bila kulipa, ama kuna mtu hujamwona. Na kama kweli hakuna aliyewahi kujaribu, tafuta sababu kabla ya kusherehekea.

Njia tunayoipendekeza ni rahisi na haihitaji mshauri wa kulipwa. Kaa mahali unapotaka kufungua ukiwa na daftari. Hesabu wanaopita, na kati yao hesabu wanaoingia kwa aliye jirani anayeuza kitu kinachofanana na chako. Fanya hivyo siku za kazi na mwisho wa wiki, asubuhi na jioni, katikati ya mwezi na mwishoni watu wanapolipwa. Kisha jaribu kuuza kabla hujanunua kifaa: kusanya nguo za wateja wachache, zifulie kwa mashine ya kukodi, uone wangapi wanarudi mara ya pili bila kukumbushwa. Mteja aliyerudi akiwa na fedha mkononi ana uzito kuliko dodoso la kurasa kumi.

Kuhusu msimu sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu anaujua wa biashara yake. Uandike tu kwenye jedwali la mwezi kwa mwezi badala ya kugawa mauzo ya mwaka kwa 12.

Jambo la faida na fedha taslimu linahitaji maelezo zaidi, maana limefunga biashara zilizokuwa na faida halali. Ukipata kazi ya kufulia nyumba ya wageni na wenyewe wanalipa baada ya siku 60, faida imeshaandikwa leo, lakini sabuni ya wiki ijayo inataka fedha leo. Kwa hiyo katika upembuzi tunataka kuona mtaji wa kuzungusha, mbali na fedha ya kununulia mashine. Rudi kwenye mfano wetu wenye bei ya 12. Tuseme katika miezi mitatu ya kwanza, kabla watu hawajamzoea, anapata mikupuo 5 kwa siku. Ni mikupuo 125 kwa mwezi, inayoacha 1,000, wakati gharama ni 2,100. Pengo ni 1,100 kila mwezi, na kwa miezi mitatu ni 3,300. Fedha hiyo lazima iwepo kabla ya siku ya kufungua. Waombaji wengi huomba mkopo wa mashine peke yake, kisha mwezi wa pili wanarudi kuomba nyongeza wakiwa wameshachelewesha rejesho la kwanza. Kwa wakati huo mikono yetu imefungwa na masharti.

Tusifichane kuhusu hatari. Kwa takwimu za muda mrefu za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, takriban sehemu moja kati ya tano za biashara mpya hufungwa ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu nusu hazivuki mwaka wa tano. Kufungwa si lazima kuwe kufilisika. Wengine huuza, wengine hupata kazi nyingine. Lakini ofisa anayesoma andiko lenye mauzo yanayopanda kila mwezi bila kushuka hata mara moja anajua kwamba mwandishi hakulifikiria hilo.

Sasa wajibu wa kisheria. Ukisajili jina la biashara kama mtu binafsi, wewe na biashara ni mtu mmoja mbele ya wadai; deni lake ni deni lako, pamoja na vitu vya nyumbani. Kampuni yenye dhima yenye kikomo, ambayo wenye hisa hawadaiwi zaidi ya walichoahidi kuweka, ni mtu mwingine kisheria. Msingi huo uliwekwa bayana na Baraza la Malordi la Uingereza mwaka 1897 katika kesi ya Salomon, mfanyabiashara wa viatu aliyegeuza biashara yake kuwa kampuni, na nchi nyingi zinazofuata sheria za asili ya Kiingereza bado zinausimamia. Hapa ndipo waombaji wanapojidanganya. Wanasajili kampuni wakiamini nyumba iko salama, kisha wanasaini dhamana binafsi ya mkopo wa kampuni hiyohiyo. Ukishaisaini, kwa mkopo huo kinga ya kampuni haikusaidii. Soma unachosaini. Ukihitaji siku mbili za kumwonyesha mwanasheria, omba siku mbili. Hakuna ofisa mwaminifu atakayekunyima.

Na kwa kuwa maswali mengi baada ya mkopo yanahusu adhabu, nizieleze kwa mpangilio zinavyofuatana. Viwango hutofautiana kati ya taasisi na taasisi na vimo kwenye mkataba wako. Rejesho likichelewa, riba ya adhabu huanza kuhesabiwa juu ya kiasi kilichochelewa, mara nyingi tangu siku ya kwanza baada ya muda wa msamaha uliotajwa. Hufuata barua ya kukumbusha, kisha notisi ya kukiuka mkataba yenye tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ikipita, mkopeshaji anaweza kudai mkopo wote mara moja, si rejesho lililochelewa tu. Wadhamini hupewa taarifa. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linalovunja udugu: wadhamini wakisaini kwa dhima ya pamoja na ya kila mmoja, yeyote kati yao anaweza kudaiwa deni lote, hata kama ni watano. Haligawanywi kwa tano. Baadaye mali iliyowekwa dhamana huuzwa kwa utaratibu wa sheria, na bei ikiwa ndogo kuliko deni, tofauti inabaki kuwa deni lako. Pale penye taasisi za taarifa za mikopo, rekodi hupelekwa huko na wakopeshaji wengine wataiona. Taarifa za uongo kwenye maombi, kama mikataba ya wateja isiyokuwepo au taarifa ya benki iliyochezewa, ni jambo la daraja lingine. Mkopo unaweza kudaiwa wote mara moja, na suala likapelekwa kwenye vyombo vya sheria.

Leseni, usajili wa kodi na vibali vya afya au mazingira navyo ni sehemu ya upembuzi. Ulizia kabla ya kulipa pango, kwa sababu jengo linaweza kuwa zuri na eneo lake lisiruhusu shughuli yako. Maji machafu ya kufulia, kwa mfano, yanahitaji pa kwenda, na msimamizi wa mazingira atauliza. Kuanza kwanza na kushughulikia vibali baadaye kunaleta faini au kufungiwa, na marejesho hayasimami kwa sababu mlango umefungwa.

Ombi likirudishwa, una haki ya kuuliza ni kipengele gani kimekwama. Uliza kwa maandishi, nawe ujibiwe kwa maandishi. Usirudishe andiko lilelile likiwa na jalada jipya. Chukua hesabu yako, punguza mauzo kwa robo, ongeza gharama kwa sehemu moja ya kumi, uone kama bado unaweza kulipa marejesho. Kisha tuletee matoleo yote mawili pamoja na daftari ulilohesabia watu, hata kama limeandikwa kwa kalamu ya risasi na lina michirizi. Daftari hilo tunalisoma kabla ya andiko.