Pikipiki tatu mpaka Daulatabad: ngome inayokuchosha kabla hujafika kwa adui

Tulitoka Pune, India, saa kumi alfajiri, pikipiki tatu watu watano, wote Wabongo tuliosoma au tunaosoma kule, na Desemba ile baridi inaingia mpaka kwenye vidole na klachi bado lazima uikamate. Mpaka Aurangabad, mji ulio karibu na ngome ya Daulatabad, ni kama kilomita 235, siku hizi mji unaitwa Chhatrapati Sambhajinagar ila watu wa barabarani bado wanasema Aurangabad. Ahmednagar tukanywa chai tukaziba pancha moja. Kabla hujaingia mjini unapita Waluj, pale ndo kuna kiwanda cha Bajaj, tukasimama kabisa tukapiga picha, maana bodaboda zilizotupeleka shule utotoni ni za kampuni hiyo hiyo.

Toka mjini mpaka ngomeni ni kilomita kama 15 tu. Sasa mimi ni mhandisi wa ujenzi, wenzangu walikuwa wanaangalia mandhari mimi naangalia waliojenga walikuwa wanawaza nini, na nilichokiona ni kwamba nguvu yote ya Daulatabad ipo kwenye njia ya kupandia. Kuta zipo, tena tabaka kwa tabaka, ila kazi kubwa inafanywa na njia.

Anza na malango. Milango imepigwa misumari mirefu ya chuma usawa wa paji la uso la tembo, maana tembo ndo alikuwa mashine ya kuvunjia milango zama zile. Hilo wengi wanaliona. Wasiloliona ni kona. Ukipita lango moja njia inakata ghafla, ukuta uko mbele yako, lango linalofuata liko ubavuni, kwa hiyo tembo hapati nafasi ya kukimbia. Nguvu ya mgongano inapanda kwa mraba wa mwendo, yaani ukimpunguzia tembo mwendo ukabaki nusu, pigo lake limebaki robo. Hawakuwa na fomula hiyo kwenye karatasi lakini wameijenga kwa mawe, na nilisimama kwenye ile kona muda mrefu mpaka wenzangu wakanirudia.

Afu kilima chenyewe. Ni basalti, jiwe jeusi la volkano, kama mita 200 juu ya tambarare, na ubavu wa chini wote umechongwa mpaka ukawa wima kama ukuta wa ghorofa, hamna pa kushika wala pa kukanyaga. Chini yake handaki la maji limechongwa kwenye mwamba huo huo, na sehemu ya kuvukia ni moja tu.

Ukishavuka unaingia Andheri, njia ya giza ndani ya mwamba. Tulizima simu makusudi. Harufu ya popo inakupiga puani, ukuta una unyevu, na ngazi hazilingani, moja inaishia kwenye kifundo cha mguu inayofuata inakaribia goti. Mguu wa binadamu ukipanda ngazi mbili tatu unakariri kimo, kwa hiyo ukibadilishiwa unajikwaa, na askari aliyebeba ngao na upanga akijikwaa gizani anamwangukia wa nyuma yake. Na mwisho wa njia palikuwa na kifuniko cha chuma, makaa yanawashwa juu yake, joto na moshi vinawasubiri watakaofika.

Na bado ngome hii iliwahi kusalimu amri. Mwaka 1296 Alauddin Khalji, jemadari kutoka Delhi, aliizingira, na wa ndani walipofungua magunia waliyodhani ni nafaka wakakuta chumvi. Mwaka 1633 Wamoghuli, watawala Waislamu wa kaskazini mwa India, wakaizingira tena, njaa ikaingia, na aliyeikabidhi ni Fath Khan. Mara zote mbili tumbo ndo lilishindwa. Mimi nafanya kazi za mifumo ya maji na hilo linanigusa sana, unaweza kuchora ukuta mzuri namna gani lakini kama hujapiga hesabu ya stoo na tangi hujamaliza kazi.

Huyo Fath Khan baba yake ni Malik Ambar, na hapa ndo sisi watano tulikaa chini. Ambar alizaliwa Uhabeshi karibu mwaka 1548, akauzwa utumwani, akafika India, akapanda mpaka akawa ndiye anayeuendesha usultani wa Ahmadnagar. Ukuta wa nje kabisa wa Daulatabad unaitwa Ambarkot, kwa jina lake. Mji wa Aurangabad wenyewe aliuanzisha yeye mwaka 1610, ukiitwa Khadki, akauletea maji kwa mfereji unaopita chini ya ardhi, Nahr-e-Ambari. Na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa 1331, miaka kumi na kitu baadaye alipita Daulatabad pia, akaandika kuhusu shimo la wafungwa lenye panya wakubwa kuliko paka.

Juu kabisa upepo ni mkali na miguu inatetemeka, beba maji ya kutosha na viatu visivyoteleza.

Tuliposhuka jua lilikuwa limeinama, tukapanda na pikipiki mpaka Khuldabad alikozikwa Ambar mwaka 1626. Kuba la mawe, kimya. Mwenzetu wa Pemba akavua helmeti, akainua mikono akamsomea Fatiha, sisi wengine tukasimama naye mpaka akamaliza, ndo tukawasha pikipiki kurudi mjini kutafuta pa kulala.