Raspbian Wheezy kwenye Raspberry Pi ya 2012: yasemwayo na yalivyo

Raspberry Pi ni kompyuta ndogo ya ubao mmoja, na Raspbian Wheezy ni mfumo endeshi wake wa zamani wa Linux. Raspberry Pi ya kwanza, Model B ya Februari 2012, ilikuja na prosesa ya megahezi 700 na RAM ya megabaiti 256, baadaye mwaka huohuo 512. Wengi wetu tunayo droo inamolala. Siku ukiitoa, watu watakwambia haya.

"Ubao mzee upewe mfumo mzee, utakuwa mwepesi."

Hili liliniponza mimi mwenyewe. Nilichukua Raspbian Wheezy toleo la mwisho, la Mei 2015, nikaiandika kwenye kadi ya SD. Iliwaka vizuri tu. Nikafungua kivinjari chake: tovuti moja inalalamikia cheti (kitambulisho cha usalama cha tovuti), ya pili imebaki nyeupe, ya tatu inasota hadi nikaenda kuchemsha chai. Kumbe uzito uko kwenye kurasa zenyewe, na kubadili mfumo hakuupunguzi. Cheti nacho kina kisa chake. Tovuti nyingi hutumia vyeti vya shirika la Let's Encrypt, na kile cheti mama ambacho mifumo ya zamani ilikitegemea kiliisha muda wake tarehe 30 Septemba 2021. Wheezy haikijui kilichokirithi.

Anayetaka wepesi achukue mfumo wa sasa, Raspberry Pi OS Lite ya biti 32. Haina madirisha ya kubofya, ni amri za maandishi tu, na bado inatengenezwa kwa prosesa hii ya ARMv6.

"Saa ikikosea si kitu."

Ni kitu. Ubao huu hauna betri ya saa. Bila mtandao huendelea na saa iliyohifadhiwa ulipouzima, na kadi mpya huanza na tarehe ya siku ilipotengenezwa. Mashine inayoamini tuko 2015 itakataa hata cheti kizima, kwa kuwa kwake hakijaanza kutumika.

"Apt-get imekufa, huwezi kuongeza programu."

Apt-get ni amri ya kupakua programu kutoka hazina ya mtandaoni, na hazina hiyo ilihamishwa tu. Fungua /etc/apt/sources.list, weka legacy.raspbian.org palipoandikwa mirrordirector.raspbian.org, kisha apt-get update. Utapata vifurushi vya enzi hizo. Marekebisho ya usalama usiyatarajie.

"Linux haishikwi na virusi."

Wheezy huja na mtumiaji pi, nenosiri raspberry, na SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao, mara nyingi iko wazi. Juni 2017 iliripotiwa programu hasidi, Linux.MulDrop.14, iliyokuwa ikiingia kwenye mbao za aina hii kwa nenosiri hilohilo, ikalibadilisha na kuanza kuchimba sarafu za kidijitali. Badilisha nenosiri kabla hujachomeka waya wa mtandao. Mimi waya wenyewe nimeuchomoa.

"Kadi hiyohiyo itawaka kwenye Pi 4."

Haitawaka. Pi 4, ubao wa kizazi kipya zaidi, hutafuta faili la kuwashia liitwalo start4.elf, ambalo mwaka 2015 halikuwepo. Taa ya kijani itapepesa mara nne, itulie, irudie. Watu wametupa mbao nzima kabisa kwa kuogopa taa hiyo! Mfumo wa zamani hauunguzi chochote: chomoa kadi, weka nyingine.

Yangu nimeiandika kadi upya, inaishi bila mtandao. Inawasha na kuzima taa ndogo tatu za LED kwa lugha ya programu ya Python 2.7, na watoto wanachezea Scratch 1.4, programu ya kujifunzia kuandika programu. Kwenye kona ya skrini bado ni Mei 2015.